Msiba Juani

Kuna kitu kinaamka na njaa kuliko watoto wa shule, kinakula mchana kutwa bila meno, na kikishiba kinashibisha jiji zima. Ni nini hicho? Ukishindwa usinipe mji, miji ya kupewa nimechoka nayo. Wewe soma tu, jibu liko juu ya paa.

Ni ngozi-jua. Kila asubuhi jua lilipochungulia nyuma ya vilima, nyumba zote za Mlimwa Mpya zilisisimka kama mbuzi aliyemwagiwa maji ya baridi. Ngozi hiyo ilikuwa nyeusi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilifunika mapaa, ikateremka kutani, ikatambaa mpaka uani. Vinyweleo vyake visivyohesabika vilisimama na kugeukia jua kwa pamoja, vikitoa mlio mdogo kama mtama unaomiminwa kwenye ungo. Kwa chakula cha ngozi hiyo treni za angani zilikwenda, maroboti ya sokoni yalipanga nyanya, na maji yalipanda kutoka chini ya ardhi kavu ya Ugogo bila mtu kushika kamba.

Jiji lilikuwa limejaa mwanga. Lakini kivuli hukukiona. Miti yote ilikatwa, mabanda ya kuku yalivunjwa, na mtu aliyetaka kuanika nguo alianika chumbani.

Nitaeleza kwa nini. Ngozi-jua ilikuwa ghali, hakuna mwananchi ambaye angeimudu kwa mfuko wake. Basi Mamlaka ya Mavuno ya Jua ikatoa ruzuku. Aliyekubali nyumba yake ivikwe ngozi alivikwa bure, kodi ya jengo akasamehewa, maji akauziwa nusu bei, na mwisho wa kiangazi akapewa gawio. Watu walipanga foleni, wengine wakapigana vikumbo. Nani akatae kulipwa kwa jua linalomchoma bure tangu azaliwe?

Sharti lilikuwa moja. Nyumba za mtaa zilifungwa pamoja, umeme ukipita kutoka paa hili kwenda lile, na fungu la nyumba hizo likaitwa mshipi. Nyumba moja ikiangukiwa na kivuli, mshipi wote ulilegea. Kwa hiyo nyumba moja ikiweka kivuli, mshipi wote ulikosa gawio. Juu ya kila mshipi kilielea kidude kidogo kama shomoro, jina lake jicho-kivuli, kinachopima na kutangaza. Na jirani aliyewahi kumchongea mwenzake kabla jicho halijatangaza alipata fungu lake pembeni.

Unaona watu walivyoanza kutazamana.

Aliyebuni ngozi hiyo na kuandika sharti hilo alikuwa Mhandisi Sechelela Chipanha, mzaliwa wa Mshipi wa Saba. Alikaa katikati ya jiji, kwenye jengo refu la Mamlaka, na mtaani kwao alikuja kwa nadra. Baba yake, Mzee Chipanha, ndiye alikuwa balozi wa mtaa huo. Alitembea na kofia yake ya kijani na fimbo, akigonga mageti. "Ondoa hiyo ndoo. Punguza huo ukuta. Mnataka kutukosesha gawio?" Watu walimwogopa, na machoni pake walimsifu.

Asubuhi moja, kiangazi kikielekea ukingoni na gawio likinukia, Mzee Chipanha alishika kifua, akakaa kwenye kiti chake, hakuinuka tena.

Sechelela alifika akamkuta mama yake ameshakaa chini kwenye mkeka, kanga kichwani, miguu ameinyoosha. Marehemu alilazwa chumba cha ndani, amefunikwa shuka nyeupe. Maziko yangekuwa kesho. Ndugu kutoka vijijini walikuwa njiani, wazee kwa watoto, na nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu.

"Watakaa wapi?" Sechelela aliuliza.

"Wanakokaa watu msibani ni wapi, mwanangu? Si chini ya turubai?" mama yake alijibu. "Nenda kwa Mdachi. Turubai la mtaa liko kwake."

"Mama, kuna Ukumbi wa Maombolezo. Una ubaridi, roboti wanagawa chai..."

"Ule wa kulia kwa zamu? Wakikupigia kengele unafuta machozi unampisha mwingine?" Mama alimtazama kwa macho mekundu. "Mimi sitoki kwenye mkeka huu mpaka matanga yaishe. Watu wanifuate hapa. Baba yako hakuishi ukumbini."

Sechelela akatoka. Jua la saa nne lilikuwa limeshaanza kuchoma, na ngozi nyeusi ya uani ilipitisha joto lake kwenye soli za viatu.

Mdachi alikuwa fundi umeme wa zamani, mtu wa maneno mafupi. Uani kwake walishakusanyika majirani. Habari ya kifo ilikuwa imewafikia, lakini hakuna aliyekuwa amevaa kanga ya msiba wala aliyebeba sufuria.

"Mbukwenyi," Sechelela alisalimu kwa Kigogo.

Wawili watatu waliitikia puani. Wengine walitazama paa.

"Pole na msiba," alisema Mdachi. Pole yake ilikuwa kavu. "Umefuata nini?"

"Turubai, baba. Wageni wanakuja."

"Turubai lipo. Mabomba yapo, kamba zipo." Mdachi alifuta mikono kwenye suruali. "Kivuli chake ndicho hakipo. Hakiruhusiwi."

"Ni siku chache tu."

"Siku chache!" aliruka mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Mimi gawio hili ndilo ada ya chuo ya binti yangu. Umekuja na gari linalojiendesha, unatuambia siku chache?"

"Yeye ana mshahara," alidakia mwingine. "Kwake gawio ni hela ya vocha."

Wakacheka, kicheko kibaya. Sechelela aliona uso wake unapata moto usio wa jua.

"Mnamfahamu baba yangu," alisema. "Amewatumikia miaka yote. Leo mnashindwa kumsitiri?"

Hapo mtu mmoja aliinuka kutoka kwenye kigoda. Alikuwa Mama Nyemo, jirani wa ukuta kwa ukuta na kina Chipanha. Mwanamke mrefu, mkavu, ambaye zamani alimbeba Sechelela mgongoni mama yake alipokwenda mashineni kusaga.

"Shikamoo, mama," Sechelela alisema haraka.

Mama Nyemo hakuitikia. Aliiacha shikamoo ikae pale chini mbele ya watu wote, kama kitu kilichodondoka ambacho mpitaji hajisumbui kukiokota.

"Nakutegea kitendawili, mhandisi," alisema. "Alikuja kwangu mchana. Hakuvua kofia. Alifungua kamba ambayo hakuifunga yeye, akaondoka na kivuli changu kwapani. Nani huyo?"

Mama Nyemo alimsogelea hatua moja.

"Umesoma sana, jibu. Umeshindwa? Nitakujibia. Amelala kwenu, amefunikwa shuka nyeupe."

Sechelela alimgeukia Mdachi. Mdachi alitazama viatu vyake.

"Hakukwambia?" Mama Nyemo aliendelea. "Mwanangu Nyemo alikuwa dereva wa bodaboda za kupaa. Alidondoka kiangazi kilichopita, nikaletewa akiwa kwenye mfuko. Wifi zangu wakanifungia turubai. Kabla watu hawajakaa, baba yako akaingia. 'Mama Nyemo, pole, lakini sharti ni sharti.' Alipanda mwenyewe kufungua kamba. Nikalia chumbani, mlango umefungwa, wazee wa watu wamejibanza jikoni kama wezi. Bibi yake Nyemo alikaa uani juani mpaka akazimia. Na hawa," alizungusha kidole, "hawa wote walisimama pale getini. Mdachi alishika ngazi. Wewe Mama Ada, si ulisema heri liondolewe mapema? Nimedanganya?"

Mama Ada, aliyekuwa ameketi karibu na geti, aligeuza uso.

"Basi nenda ukalie chumbani," Mama Nyemo alimaliza. "Jikoni kwenu ni kukubwa kuliko kwangu."

Sechelela alitoka nje ya geti. Alibonyeza simu ya sikioni, akampata Lungwa, mwenzake wa ofisini aliyekuwa zamu kwenye chumba cha kuendeshea macho-kivuli.

"Lungwa, nimefiwa. Nahitaji turubai uani kwetu."

"Pole sana, Seche. Mshipi gani? Wa Saba? Subiri." Alisikika akigusa vitufe. "Rahisi. Nalifumba jicho. Mvua wala kivuli halitaona, gawio la mshipi litabaki palepale. Watumishi wote tunafanyiwa hivyo, hukujua? Mkurugenzi alipomwoza binti yake tulifumba macho mtaa mzima wiki nzima."

"Kwa nini wananchi hawaambiwi?"

"Wakiambiwa, nani atakaa juani?" Lungwa alicheka kidogo, kisha akakumbuka kuna msiba. "Endelea na shughuli zako, dada. Nimeshafumba."

Juu ya paa la Mdachi, taa ndogo ya jicho-kivuli ilizima. Sechelela alivuta pumzi. Alirudi ndani kwa hatua za haraka, karibu afurahi, na hapo ndipo alipokosea. Alidhani ameleta habari njema.

"Nimepata ruhusa!" alisema. "Jicho limefumbwa. Tufunge turubai, hakuna atakayekosa gawio. Hata senti."

Alingoja washangilie. Wote waligeuka kumtazama Mama Nyemo, kwa maana kila mmoja aliona neno hilo litamchoma nani.

Mama Nyemo aliinua kichwa akakitazama kile kidude kilichoelea bila taa.

"Kumbe linajua kufumba," alisema polepole.

"Mama..."

"Kumbe linajua kufumba! Nililipigia magoti hili dude. Nilipiga simu Mamlaka, nikaambiwa na mashine, 'Samahani, jicho halina namna ya kufumbwa.' Mashine inanidanganya mimi, mwenye maiti! Kumbe lilikuwa linangoja maiti ya mkubwa!"

Watu walilipuka. Mmoja alipiga ndoo teke. Mama Ada alianza kupiga kelele kwamba wamefanywa mazuzu, mwingine akamwambia zuzu ni yeye aliyewahi kuchongea ukuta wa mkwewe, na nusura washikane. Mdachi akapaza sauti mpaka wakanyamaza.

"Ngojeni. Mimi nina swali la kifundi." Alimsogelea Sechelela. "Tangu mwanzo sijalielewa, na niliona aibu kuuliza. Tochi yangu ya zamani ilikuwa na betri zimepangwa mstari. Moja ikifa, tochi nzima inazima. Mshipi ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo."

"Lakini betri moja ikifa, naweza kuweka waya wa kuipita pembeni, nyingine zikaendelea. Kwenye mshipi haiwezekani?"

Sechelela angeweza kudanganya. Pale uani hapakuwa na mwingine mwenye ujuzi wa kumkamata. Alitazama mikono ya Mdachi, iliyoungua ungua kwa umeme wa maisha yake yote.

"Inawezekana," alisema. "Kinaitwa mchepuko. Ni kifaa kama kifuniko cha soda, kinakaa kwenye kila nyumba. Nyumba moja ikipata kivuli, umeme unapita pembeni. Hasara inakuwa ya nyumba hiyo peke yake, tena ndogo. Nilikichora kwenye mpango wa kwanza."

"Kiko wapi?"

"Wakubwa wa Mamlaka walisema ruzuku haitatosha nyumba zote kila moja ikiwekewa. Wakaniambia nitafute njia ya bei nafuu ya kuzuia kivuli." Aliitazama ngozi iliyokuwa chini ya viatu vyake. "Nikaandika sharti."

Mdachi alitikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu mara ya pili akitumaini ameikosea ya kwanza.

"Kwa hiyo mahali pa kifaa mlituweka sisi," alisema. "Mimi nimlinde huyu, huyu anilinde mimi. Sisi ndio mchepuko wenu."

Waliangaliana, majirani wa miaka, na kila mmoja aliona kwa mwenzake kibanda kilichobomolewa, mti uliokatwa, salamu iliyokufa. Mwanamke mwenye mtoto alitema mate chini, karibu na kiatu cha Sechelela. Ngozi-jua ikayakausha hapo hapo.

"Mnataka nifanye nini?" Sechelela aliuliza. Sauti yake haikuwa ya mhandisi.

"Baba yako hafungiwi turubai," alisema Mama Nyemo, "kabla ya mwanangu."

"Nyemo alizikwa mwaka jana, mama."

"Alizikwa. Hakuliliwa. Najua tofauti, wewe hujui. Lifungwe kwangu kwanza. Na hilo dude lifumbue jicho lione! Sitaki kulilia mtoto wangu kwa kificho tena. Likatangaze huko kwenu."

"Wewe mama, gawio!" mtu mmoja alilalamika nyuma.

"Gawio lako kanywee chai," Mama Nyemo alimjibu bila kugeuka.

Sechelela alirudi nyumbani. Hakuwa na haki ya kuamua hilo peke yake. Alipiga magoti mbele ya mkeka akamweleza mama yake yote, ya kamba, ya ngazi, ya bibi aliyezimia, na lile analotaka jirani. Mama alisikiliza akiwa anavuta nyuzi za pindo la kanga yake.

"Nililisikia lile turubai likianguka," mama alisema hatimaye. "Nilikuwa hapa hapa ukutani. Baba yako aliporudi nilimtengea ugali, sikumuuliza kitu. Na jirani yangu sikwenda kumpa pole." Alifuta pua. "Baba yako atangoja. Alimngojesha mwenzake."

Sechelela alisimama uani akampigia Lungwa.

"Fumbua jicho la Mshipi wa Saba."

"Umeshafunga turubai?"

"Ndiyo kwanza tunakwenda kulifunga."

"Seche, una akili? Likiona, mshipi wote unakatwa. Na ruhusa ya mtumishi ikishafutwa hairudi. Na wewe watakuuliza."

"Waniulize. Nina mchoro wa mchepuko ninaotaka wauone tena, safari hii mbele ya watu. Fumbua."

Taa iliwaka.

Mdachi ndiye aliyetoa turubai stoo, hakuambiwa na mtu. Lilikuwa la bluu, limekunjwa vibaya, lina vumbi la mwaka. Wanaume wawili walishika mabomba. Walilifunga uani kwa Mama Nyemo, na kivuli chake kilipogusa ngozi, vinyweleo vililala chini kama nyasi zilizokanyagwa.

"KIVULI," jicho lilitangaza kwa sauti tamu isiyo na mtu ndani yake. "Mshipi wa Saba. Nyumba ya nne. Gawio limesitishwa kwa nyumba zote." Taa nyekundu zikawaka mlango kwa mlango mpaka mwisho wa mtaa. Huku na huku ulisikia matusi, mengine ya nguoni. Mtu mmoja alifunga geti lake kwa kishindo na hakuonekana tena siku hiyo.

Lakini wengine walianza kuja. Sidhani walikuja kwa upendo. Gawio lilikuwa limeshakwenda, jua linachoma, na kivuli kilikuwa kimoja tu mtaani. Walikaa, kwanza mbali mbali, kisha bega kwa bega. Mtu akaleta birika. Mama Ada alikaa karibu na Mama Nyemo, akaangua kilio. Ndipo Mama Nyemo naye alipoachia. Alilia kwa sauti kubwa, akimtaja mwanawe kwa jina lake, kwa jina la utani, kwa majina ya babu zake.

Sechelela alibeba ndoo ya maji ya kunywa mpaka ukingoni mwa turubai. Alitaka kuingia. Mama Nyemo alimwona, akafuta macho.

"Humu nafasi ipo," alimwambia. "Yako ndiyo haipo. Kaa hapo nje."

Akakaa hapo nje, kwenye ngozi aliyoibuni mwenyewe. Joto lake lilipenya kitenge. Alijua kwa vipimo vya maabara ngozi hiyo hufikia moto kiasi gani adhuhuri, lakini hakuwahi kuikalia. Waombolezaji walimpita wakiingia na kutoka. Ndugu zake kutoka vijijini walifika, wakamwona juani, wakauliza, wakaambiwa. Baadhi yao waliingia kivulini. Shangazi yake mmoja alitaka kumfunika na mtandio, naye akamkataza.

Jua lilipoanza kuinama, Mama Nyemo alisimama, akajipangusa kanga.

"Basi," alisema. "Fungueni."

Wanaume walifungua kamba. Sechelela aliinuka kwa shida, mapaja yamechubuka, akakimbilia kushika bomba. Walilipitisha turubai getini, wakazunguka nalo ukuta, wakaliingiza uani kwa kina Chipanha, ambako mkeka wa mama ulikuwa umesogezwa mpaka mlangoni ili aone. Nyuma yao alikuja Mama Nyemo, amebeba bomba la kona begani.

"Mama, umekuja," Sechelela alisema. Machozi ambayo hayakumtoka mchana kutwa yalimtoka hapo.

"Sikuja kwa baba yako. Nimefuata turubai." Mama Nyemo alisimika bomba lake, akalikanyaga chini kwa mguu.

"Asante."

"Usinishukuru. Vuta huko kwako, kamba imelegea."

Sechelela akavuta.